Ziwa Zima Pembeni, na Gari Bado Linachemsha

Daladala likichemsha kwenye foleni ya Mabatini, jijini Mwanza, saa kumi jioni, konda hashuki na spana. Anashuka na kidumu. Dereva anainua siti ya mbele, maana injini ya Hiace iko chini yake, mvuke unafoka, abiria wanaruka nje na wa nyuma wanaanza kudai nauli. Robo saa baadaye maji yameingia, injini imewaka, safari ya Igoma inaendelea. Kesho yake, pengine Buzuruga, kidumu kinashuka tena.

Miji michache ya Tanzania ina maji mengi hivi karibu na barabara. Ziwa Victoria, lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, linaanzia pale Kamanga, hatua chache kutoka katikati ya jiji. Na wingi huo, kwa maoni yangu, ndio uliowapotosha madereva wetu na baadhi ya mafundi wetu. Maji yakiwa rahisi kupatikana, kila ugonjwa wa joto hutibiwa kwa maji, na vifaa viwili vidogo ambavyo ndivyo vinavyoamua injini iishi au ife, yaani themostati na kifuniko cha rejeta, hakuna anayeviuliza habari.

Tuanze na hesabu. Petroli au dizeli inapowaka ndani ya silinda, joto la gesi hupita nyuzi 2,000 za sentigredi. Hedi za magari mengi ya leo ni za aluminiamu, inayoyeyuka kwenye nyuzi 660. Haziyeyuki kwa sababu kila mlipuko ni wa kufumba na kufumbua, na kwa sababu upande wa pili wa ukuta huo maji yanapita muda wote. Kwa makadirio ya jumla, theluthi ya nguvu ya mafuta huenda kwenye kazi ya kusukuma gari, theluthi hutoka na moshi kwenye ekzosi, na theluthi hubaki kwenye chuma ikitafuta pa kwenda. Hiyo ya mwisho ndiyo mzigo wa rejeta, na si mzigo mdogo. Theluthi ya joto la lita moja tu ya petroli inatosha kufikisha kwenye mchemko takriban lita 35 za maji ya ziwa yenye nyuzi 25. Gari dogo linalotumia lita 16 kutoka Mwanza hadi Shinyanga, mwendo wa kilomita kama 160, linatoa njiani joto la kuchemsha karibu mapipa matatu ya lita 200. Ndani yake lina lita tano au sita tu za maji.

Lita hizo chache zinamudu kazi hiyo kwa kuzunguka. Wota pampu inayasukuma maji kwenye bloku, yanazunguka silinda, yanapanda kwenye hedi ambako joto ni kali zaidi, yanatoka kwa mpira wa juu kwenda kwenye rejeta. Humo yanagawanyika kwenye mirija myembamba yenye mapezi ya bati jembamba, upepo unapita katikati na kuchukua joto, kisha maji yaliyopoa yanarudi kwa mpira wa chini na kuanza upya. Magari ya mwanzo hayakuwa na ujanja huu. Yalikuwa yakichemsha maji na kuongezewa njiani. Wilhelm Maybach, fundi wa Kijerumani, ndiye aliyeipa Mercedes ya mwanzoni mwa karne ya 20 rejeta ya vitundu vidogo vingi iliyoweza kupoza kwa maji kidogo. Kwa hiyo kidumu cha konda kimeturudisha nyuma zaidi ya miaka 120.

Sasa tuje kwenye themostati, maana hapo ndipo ugomvi ulipo. Watu wengi hudhani mfumo huu uliwekwa ili injini iwe baridi kadiri inavyowezekana. Wahandisi walitaka kitu kingine: injini ikae kwenye kiwango kimoja cha joto, karibu nyuzi 90, iwe imepaki jua kali la Oktoba au inatoka Usagara asubuhi ya Julai yenye nyuzi 17. Chini ya hapo oili ni nzito, petroli haiwaki vizuri, chuma kinasagana. Juu sana ya hapo ni balaa lile tunalolijua.

Msimamizi wa kiwango hicho ni kidude kinachoenea kiganjani. Ndani yake mna kikopo cha shaba kilichojazwa nta. Injini ikiwa baridi nta imeganda na vali imefungwa, kwa hiyo maji yanazunguka ndani ya injini tu kwa njia ya pembeni, bila kufika kwenye rejeta, na injini inapata moto haraka. Maji yakifikia nyuzi 82, namba utakayoikuta imegongwa kwenye themostati nyingi za Toyota, nta inaanza kuyeyuka, inavimba, inasukuma pini na vali inaachia. Ikikaribia nyuzi 95 imefunguka yote. Gari likishuka mteremko na upepo ukapoza maji kupita kiasi, nta inajikunja na vali inarudi kujifunga kidogo. Hapo hapahitajiki umeme wala kompyuta. Kifaa hiki cha nta alikibuni Sergius Vernet miaka ya 1930, na hadi leo viwanda vya magari havijapata sababu ya kukiacha.

Ukienda gereji, kuanzia Igogo hadi Nyakato, utasikia maelezo mengine: "Bosi, hiki ni cha nchi za baridi. Huku kwetu kinazuia maji tu, tukitoe." Na kinatolewa. Tuwe waungwana: fundi anayesema hivyo hadanganyi, anasimulia alichokiona. Themostati ikizeeka inaweza kukwama imefungwa, maji yasifike kwenye rejeta, gari likachemsha. Ukiitoa siku hiyo, gari linapona siku hiyo. Kinachofuata hakionekani gereji. Kwenye tambarare za Magu na Bunda, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, upepo unapoza maji kiasi kwamba mshale wa joto haupandi. Kompyuta ya injini inaamini gari limewashwa sasa hivi, inaendelea kumimina petroli ya ziada ya kuamshia injini baridi. Petroli hiyo inaosha oili kwenye kuta za silinda. Unyevu unaotakiwa kukauka ndani ya oili haukauki, unageuka utelezi mweusi. Mwenye gari anaona ulaji wa mafuta umepanda, anabadilisha plagi, anasafisha nozeli, anamlaumu muuza petroli.

Kuna la kushangaza zaidi. Katika injini nyingi themostati ina nyuso mbili: inapofungua njia ya rejeta, uso wa chini unaziba ile njia ya pembeni. Ukiitoa, njia ya pembeni inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Barabarani pasipo na mlima hutajua. Lakini lori lililojaa, likitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, litafika Shelui na kuanza kuupanda Sekenke kwa gia ndogo, injini inanguruma, upepo hakuna. Pale ndipo gari lililotolewa themostati ili lisichemshe linapochemsha. Kupima kama kifaa chako ni kizima hakuhitaji mashine: kitie kwenye sufuria ya maji, weka jikoni, angalia. Maji yakikaribia kuchemka iwe imefunguka, yakipoa ijifunge. Ikigoma, nunua nyingine yenye namba ileile.

Hapo kwenye sufuria ndipo linapojitokeza jambo ambalo Mwanza inatofautiana na Dar es Salaam. Vitabu vya shule vinasema maji huchemka kwenye nyuzi 100. Hiyo ni usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya bahari, hewa inayotukandamiza ni nyepesi zaidi, na maji ya Mwanza yanachemka kwenye nyuzi kama 96. Ukipanda kilima cha Bugando nyuzi hizo zinapungua kidogo zaidi. Nyuzi nne si nyingi kwa mpishi wa chai. Kwa injini ni nyingi mno, na sababu yake ni feni. Katika magari mengi swichi ya feni ya umeme huamka maji yakiwa kati ya nyuzi 90 na 100. Kwa maneno mengine, kama hakuna kitu kingine kinachoyazuia, maji ya gari la Mwanza yanaweza kuanza kuchemka wakati uleule feni inapoanza kazi, au hata kabla.

Kitu hicho kingine kipo, nacho ni kifuniko cha rejeta. Wengi wanakiona kama kizibo cha kuzuia maji yasimwagike. Kumbe ni vali yenye springi, na juu yake imeandikwa namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Maana yake ni kwamba kifuniko hakiachii mpaka presha ya ndani izidi ya nje kwa kiasi hicho, ambacho kinakaribia uzito wote wa hewa iliyo juu yetu. Maji yaliyobanwa hivyo hayachemki upesi. Kwa kifuniko kizima cha 0.9, maji ya gari lililoko Mwanza yanasubiri hadi nyuzi kama 116. Tofauti kati ya 96 na 116 ndiyo nafasi ya kupumulia ya injini yako, na inalindwa na springi na kipande cha mpira.

Mpira ukipasuka au springi ikilegea, nafasi hiyo imekwenda. Hutaona maji yakichuruzika. Mfumo utakuwa unavuja presha tu. Maji yanachemka ndani ya hedi, sehemu iliyo jirani na vali za ekzosi, na mapovu ya mvuke yanaganda kwenye chuma. Mvuke haubebi joto kama maji. Pale penye povu chuma kinabaki peke yake na moto. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha bloku, kwa hiyo hedi inataka kukua kuliko bloku iliyoishika kwa bolti. Inajipinda, gasketi inaungua. Kinachofuata wenye magari wanakijua: moshi mweupe kwenye ekzosi, mapovu kwenye rejeta, oili imekuwa rangi ya chai ya maziwa, na hedi inapelekwa kusawazishwa kwenye mashine. Gharama ya kazi hiyo ingenunua vifuniko vya kutosha mtaa mzima.

Kifuniko kina kazi ya pili. Injini ikipoa, maji yanasinyaa, na vali ndogo ya katikati inaruhusu maji yaliyokwenda kwenye chupa ya akiba yanyonywe kurudi kwenye rejeta. Ukikuta asubuhi mpira wa rejeta umebonyea kama umenyonywa, vali hiyo imekufa. Wala usidhani namba kubwa ni bora. Kifuniko cha 1.1 juu ya rejeta iliyoundwa kwa 0.9, yenye matangi ya plastiki na mipira ya zamani, kitakupasulia kitu kingine.

Feni nayo ina visa vyake. Barabarani, gari likikimbia, haina kazi kubwa, upepo unatosha. Mtihani wake ni gari lililosimama na injini inawaka. Kwa miaka mingi mtihani huo ulifanyika Kigongo, kwenye foleni ya kivuko cha kwenda Busisi, ambako mabasi ya Geita na Bukoba yalisubiri zamu huku injini zikiunguruma na viyoyozi vikifanya kazi. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, gari linavuka ghuba kwa dakika chache na upepo wa ziwa usoni. Foleni za mjini zimebaki, na bado kuna magari mengi ambayo feni zake zimeungwa moja kwa moja na betri au swichi ya gari, zinazunguka muda wote kwa sababu swichi ya joto ilikufa na hakuna aliyeibadilisha. Ni nafuu ya muda. Feni inayozunguka bila kupumzika inachosha mota yake, na siku ikifa hakuna dalili itakayokuonya. Kwenye magari ya dizeli yenye feni ya klachi, angalia kama inazunguka kwa ulegevu injini ikiwa moto. Oili maalumu iliyomo ikivuja, feni inakuwa pambo.

Na wakazi wa mwambao wana adui wao wa peke yao: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kutoka majini kama nguzo za moshi. Gari likipita katikati yao usiku, maelfu hunasa kwenye mapezi ya rejeta. Wakikauka na vumbi wanakuwa blanketi. Rejeta inaoshwa kwa maji ya nguvu ndogo, kutoka upande wa injini kuja nje. Ile mashine ya presha kubwa ya kuoshea magari inapinda mapezi na kumaliza kazi iliyoanzwa na wadudu.

Turudi kwenye kidumu. Maji ya Ziwa Victoria, kusema haki, si mabaya kwa injini ukiyalinganisha na ya visima vingi. Yana madini machache, hayaachi magadi mengi. Shida yake ni tope laini, mwani, na hewa iliyoyeyuka ndani yake. Kila unapoongeza maji mapya unaongeza oksijeni mpya, na oksijeni ndiyo chakula cha kutu. Bloku ya chuma, hedi ya aluminiamu na rejeta vikikutana kwenye maji matupu vinaanza kulana kama ndani ya betri. Tope na kutu vinashuka kwenye mirija ya chini ya rejeta na kuiziba mmoja mmoja. Kulanti ilibuniwa kuzuia mambo hayo. Kwa kuwa Wazungu huiuza kama dawa ya kuzuia maji yasigande, watu wetu husema Mwanza hakuna barafu, ya nini? Jibu ni kwamba hapa inatumika kwa kazi yake nyingine: inazuia kutu, inalinda sili ya wota pampu, na ikichanganywa nusu kwa nusu na maji safi inasogeza mchemko juu kwa nyuzi kama saba.

Anayebisha akaulize wenye vyombo vya majini. Meli za dizeli, zikiwemo za umri wa MV Victoria iliyoanza safari ziwani mwaka 1961, zinaelea juu ya maji baridi yasiyo na mwisho. Hata hivyo utaratibu wa kawaida wa injini kubwa za meli ni kuwa na maji mawili yasiyokutana: ya ndani, safi na yenye dawa, yanayozunguka kwenye injini, na ya nje, yanayovutwa kwa pampu, yanayopita upande wa pili wa mirija, kuchukua joto na kurudishwa ziwani. Aliyezungukwa na maji pande zote hayaingizi ndani ya injini yake.

Mashine za boti za wavuvi wa sangara na dagaa zinafanya kinyume, na zinalipia. Zinanyonya maji ya ziwa moja kwa moja kwa pampu ya mpira iliyo chini karibu na panga, zinayapitisha mara moja na kuyatema. Ukiona mchirizi wa maji nyuma ya mashine umekatika, zima papo hapo. Huenda magugu maji yameziba wavu wa kunyonyea, au boti imekokota mchanga ufukweni na pampu imelika. Mashine ya aina hiyo ikiwashwa nchi kavu "kuijaribu tu", pampu inaungua kabla hujamaliza sentensi. Mzunguko wazi ni rahisi na mwepesi, lakini kila kilichomo ziwani kinaingia.

Neno moja kuhusu mshale wa joto kwenye dashibodi: msiuamini kupita kiasi. Katika magari mengi ya kisasa umetengenezwa utulie katikati kwa upana mkubwa, kuanzia nyuzi kama 80 hadi zaidi ya 100, ili dereva asihangaike. Unapoanza kupanda, hali imeshaharibika. Na maji yakiisha kabisa, kihisio kinabaki kwenye hewa, mshale unaweza hata kushuka wakati injini inaungua. Gari likichemsha, zima kiyoyozi, washa hita ya ndani kwa nguvu zote kama ipo, maana nayo ni rejeta ndogo. Tafuta pa kuegesha, zima injini, kaa mbali. Usiguse kifuniko kwa angalau nusu saa. Maji yaliyobanwa kwenye nyuzi 110, ukiyaondolea presha ghafla, yanageuka mvuke mara moja usoni mwako. Wala usimimine maji baridi kwenye injini ya moto, hedi inapasuka.

Kwa wenye daladala wanaopokea hesabu kila jioni, ombi langu ni dogo. Kesho asubuhi, injini ikiwa baridi, inua siti, soma namba iliyo kwenye kifuniko cha rejeta, kagua mpira wake, kisha muulize fundi wako swali moja: themostati ya gari hili iko wapi? Akisema aliitupa, nunua mpya na usimame hapo mpaka airudishe.